Ubao wa Ng'ombe na Usingizi wa Fenna

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Jana wamesogeza saa mbele kwa saa moja, kama kila mwaka msimu wa joto ukikaribia. Serikali ikisema saa moja, basi ni saa moja! Ng'ombe hawajaambiwa. Fenna naye hajaambiwa. Jua bado linachungulia dirishani, na mtoto wa miaka minne ananiuliza kwa nini anapelekwa kulala mchana kweupe. 

Amelala saa tatu na dakika kumi. Mimi saa kumi na moja kasorobo alfajiri niko bandani, na ng'ombe mia mbili na themanini wameshajipanga wanasubiri kukamuliwa. Leo nimelala nimesimama. Naapa! Nilikuwa namvalisha ng'ombe namba 140 vikombe vya mashine, nikaegemeza paji la uso kwenye paja lake, nikaanza kuota. Aliyenigutusha ni mama mkwe, bibi yake Fenna, Oma Hennie kama tunavyomwita, aliyekuja kuchukua maziwa ya ndama.

— Binti, utakanyagwa.

— Nilikuwa nafikiri tu, Oma.

— Ulikuwa unakoroma.

Dirk, mume wangu, anasema binamu yake wa Burnie anaagiza mtandaoni vile vidonge vya usingizi vya jeli, ladha ya stroberi. Mtoto anatafuna kimoja, nyumba inakuwa kimya. Nikamwambia thubutu! Mtoto si ndama wa kudungwa sindano apakiwe kwenye lori. Akacheka, akasema angalau ndama analala.

Mimi nitamlaza kwa akili. Nipeni wiki mbili tu.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimeziba dirisha la Fenna kwa plastiki nyeusi, ile tunayofungia majani ya ng'ombe ya msimu wa baridi. Giza totoro! Yeye mwenyewe anaita pango. Dirk anasema sasa tumemfunga binti yetu kama robota la majani.

Amelala saa mbili na nusu. Maendeleo.

Jumapili, 13 Oktoba

Mguu wa kondoo, viazi, keki ya tofaa ya Oma. Na mdomo wangu.

Dirk ndiye aliyeanza. Eti ameongea na binamu tena, eti watoto wake hawana tatizo lolote, wananenepa, wanasoma. Mimi nikaweka uma chini. Nikasema usingizi ni kitu cha kujifunza kama kutembea, na hakuna mtu aliyewahi kumfundisha mtoto kutembea kwa kijiko cha dawa. Nilisema vizuri, nisijisifu.

Oma akasema, taratibu, kwamba zamani kulikuwa na chupa ya kahawia. Dawa ya mafua na mzio. Kijiko kimoja, siku ikiwa ngumu. Watoto wanne, wote wazima, na mmoja wao umeolewa naye.

— Ndiyo maana mpaka leo haamki mpaka apigwe teke! nikamjibu.

Tulicheka wote. Oma alicheka kidogo.

Hapo ningepaswa kunyamaza. Lakini nilikuwa nimeshapanda jukwaani. Nikasema ndani ya nyumba hii halipiti tone. Tone moja! Na atakayempa mwanangu dawa ya usingizi, hatamshika tena.

Oma akakunja kitambaa chake cha kufutia mdomo mara mbili, akakikunja tena. Labda nilizidisha. Yeye ndiye anayekaa na Fenna kila siku, kuanzia saa nane na nusu mpaka tumalize ukamuaji wa jioni, na hajawahi kutudai hata asante. Lakini neno limeshatoka, na ni neno la haki. Sitalimeza.

Jumanne, 22 Oktoba

USHINDI!

Siku ya tisa leo. Naingia kutoka bandani saa kumi na mbili na nusu, Fenna ameshaoga, ameshakula, anapiga miayo. Saa moja amelala. Si kulala tu, ni usingizi wa pono. Jana Dirk aliangusha sufuria jikoni, mtoto hata kope haikutikisika.

Plastiki nyeusi, maji ya moto, hakuna televisheni, uji kidogo. Basi! Mimi nalala saa mbili na nusu kama binadamu. Leo asubuhi niliimba bandani. Ng'ombe walishangaa.

Langoni pa chekechea nimemkuta Shontelle, mama wa mapacha, macho mekundu, nywele hazijachanwa. Anataka kumwomba daktari dawa. Nikamshika mkono. Nikampa somo zima hapo hapo, hatua kwa hatua, wazazi wengine wawili wakasogea kusikiliza. Nikawaambia dawa ni njia ya mkato ya mzazi aliyekata tamaa. Shontelle akasema atajaribu plastiki. Nimemwahidi robota zima la plastiki hiyo.

Oma nilipomhadithia aliniuliza tu kama sasa nalala vizuri. Nikamwambia nalala kama gogo. Akasema vyema, akaenda kuosha kijiko.

Ijumaa, 25 Oktoba

212 ana ugonjwa wa kiwele. Nimempiga dawa, nimemfunga utepe mwekundu mguuni, nimeandika ubaoni: namba, dawa, saa, nani. Mkamuaji mpya akaniuliza kwa nini vyote viwili, utepe na ubao. Nikamsimulia lile tangi. Mwaka juzi Dirk alimpa ng'ombe mmoja dawa, akasema ataandika baadaye. Akasahau. Mimi nikamkamua, maziwa yake yenye dawa yakaingia tangini na ya wenzake wote. Tulimwaga tangi zima! Tangu siku hiyo hapa hakuna kukumbuka. Kuna kuandika.

Mvua. Nimechoka lakini vizuri.

Alhamisi, 31 Oktoba

Mwalimu wa chekechea ameniita pembeni. Fenna amelala mkekani wakati wa hadithi, saa nne asubuhi! Mara ya tatu wiki hii. Na anaomba maji kila saa, mdomo unamkauka. Akaniuliza kama nyumbani kuna jambo.

Nikamwambia jambo lililopo ni kwamba anakua. Watoto wanaokua wanalala. Mwalimu ana miaka ishirini na mitatu, hana mtoto. Nimemwelewesha bila kumvunja moyo.

Kumwamsha asubuhi ni kazi, kweli. Leo nilimvalisha soksi akiwa bado amelala. Anakua huyu.

Jumatatu, 4 Novemba

Sikukuu ya huku kaskazini, chekechea imefungwa. Ng'ombe hawana sikukuu.

Oma yuko Burnie tangu jana, kwa binti yake Annelies. Anatolewa mtoto wa jicho. Jirani anatusaidia kumshika Fenna wakati wa kukamua.

Jana usiku: saa tatu na nusu! Pango lilelile, maji yale yale, uji uleule. Alilia, akapiga ukuta teke, akadai Oma. Sawa, amemkosa bibi yake. Kesho atazoea.

Jumatano, 6 Novemba

Hajazoea.

Saa nne kasorobo jana. Leo saa kumi na robo alfajiri nilikuwa juu ya pikipiki ya magurudumu manne nikiwafuata ng'ombe, nikafumba macho. Sekunde moja tu. Nilipoyafumbua gurudumu la mbele lilikuwa linaning'inia juu ya mtaro. Chini kuna maji na mawe. Nilikaa pale mpaka Dirk alipokuja kunitafuta.

 Alinishusha, akarudisha pikipiki nyuma, akanipakia nyuma yake. Tulipofika bandani ndipo akaniambia:

— Bibie, nakupenda, lakini usiniachie ng'ombe hawa peke yangu.

Nimepiga simu kwa daktari.

Alhamisi, 7 Novemba

Daktari Perumal ni mtu wa kuniweza. Nilianza kujieleza, akaniacha nimalize, kisha akasema mama asiyelala naye ni mgonjwa wake. Amenipa melatonini ya maji, dawa ya usingizi, kipimo kidogo kabisa. Matone, saa moja kabla ya kulala. Wiki chache tu, na ratiba yangu iendelee vilevile, maana matone peke yake hayafundishi kitu. Akanikataza vidonge vya mtandaoni kabisa, hujui ndani mna nini. Mtu mmoja tu ndiye atoe. Chupa iwe juu na ifungwe.

Akauliza kama kuna dawa nyingine yoyote anayotumia mtoto. Nikasema hapana kabla hajamaliza swali.

Ni uamuzi sahihi. Nimefikiria njia nzima ya kurudi. Dawa ya daktari, kwa kipimo, kwa muda, si sawa na dawa ya kubahatisha. Mtu mwenye akili hubadilisha mawazo akipata sababu. Mimi nimepata sababu, ilikuwa inaning'inia juu ya mtaro.

Dirk nimemwambia. Alicheka mpaka akakaa chini, sakafuni jikoni. Nikamwacha acheke. Nimempa sharti moja: Oma asijue. Mbele ya ile meza nilisema niliyosema. Siwezi kukaa mezani pale pale na kumwambia mama wa watu kwamba tone limepita. Nitamwambia siku yake ikifika.

Saa kumi na mbili na nusu nimempa. Saa moja na nusu amelala.

Jumamosi, 9 Novemba

Jana pia, saa moja na nusu. Safi.

Oma amerudi leo mchana, jicho la kushoto limefunikwa. Amembeba Fenna kabla ya kuvua koti. Mambo yamerudi mahali pake.

Ndama jike mmoja hatulii huko malishoni, natoka kumwangalia.

Jumapili, 10 Novemba

Naandika hospitalini. Saa tisa alasiri. Fenna anapumua vizuri, naanza na hilo.

Asubuhi tulimaliza kukamua, tukanywa chai. Saa mbili mtoto bado amelala. Nikasema mwache, apumzike. Nilifurahi! Saa tatu nikaenda kumwamsha. Nikamwita. Nikamkuna nyayo, kitu ambacho hawezi kuvumilia hata siku moja. Jicho likafunguka nusu, likafunga. Nikamsimamisha chini, magoti yakakunjika kama ya ng'ombe mwenye homa ya maziwa. Mkono wake niliuinua, nikauachia, ukaanguka tu. Nilipiga ukelele. Sijui nilisema nini.

Dirk akapiga ile namba ya dharura ya mambo ya sumu, akanipa mimi niongee. Mwanamke mtulivu. Kilo ngapi, amepewa nini, matone mangapi, saa ngapi. Nikajibu yote kama niko bandani: jana, saa kumi na mbili na nusu.

Nyuma yangu Dirk akasema:

— Saa moja.

— Saa moja nini?

— Nilimpa saa moja. Wewe ulikuwa nje na yule ndama. Nilidhani umesahau.

 Nikamwambia mwanamke wa simu, mara mbili, mara mbili, amepewa mara mbili. Hakushtuka. Akauliza kama kuna kitu kingine chochote alichomeza.

— Hakuna, nikasema.

— Kipo.

Oma alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. Mkononi ana chupa ya kahawia. Ile ile! Akasema jana saa kumi na moja na nusu, kijiko kimoja. Akasogea karibu na simu, akakisoma kibandiko cha chupa kwa jicho moja, neno kwa neno, mpaka yule mwanamke akasema inatosha, ambulensi inakuja.

Njiani nilimshika Fenna kifuani na kuhesabu pumzi zake. Sikuwahi kuhesabu kitu kwa makini hivyo.

Wamempima moyo, wamempima hewa. Hatari haipo, wanasema, ila wanamwangalia mpaka jioni. Daktari wa hapa, kijana mrefu, amesema ile ya mafua haitakiwi kabisa kwa mtoto wa umri huu, hata peke yake. Amesema bila ukali. Kisha akauliza ni nani nyumbani anayehusika na dawa. Tulitazamana watatu. 

Kwenye korido nilimgeukia Oma. Tangu lini? Akasema tangu kesho yake baada ya ile keki. Kila siku, isipokuwa alipokuwa Burnie.

— Wiki tatu! nikamwambia. Wiki tatu nimejipiga kifua mbele ya mji mzima!

Hilo ndilo lililonitoka kwanza. Sikumtaja Fenna. Niliutaja mji. Naliandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye.

Nikamwambia na mengine, ambayo alistahili. Kwamba alinisikia mezani. Kwamba alinitazama nikiimba na akanyamaza. Oma alisikiliza yote. Kisha akasema:

— Nilikuona umelala juu ya ng'ombe, Tamsin. Sikumpa Fenna ili yeye alale. Nilimpa ili wewe ulale.

Nikarudi kitandani kwa Fenna.

Oma akaenda kungoja kwenye gari la Dirk.

Saa sita Fenna aliamka kweli. Aliomba tosti, akauliza kwa nini watu wote wanamwangalia kama keki.

Jumatatu, 11 Novemba

212 amepona. Nimemtoa utepe, nimefuta namba yake. Nikabaki nimeshika kitambaa, nauangalia ubao. Kwa kila ng'ombe hapa najua amepewa nini, saa ngapi, na mkono wa nani. Wote mia mbili na themanini! Mtoto mmoja, mikono mitatu, na hakuna aliyeandika kitu.

Oma hakuja. Jirani amemshika Fenna. Usiku amelala saa tatu na nusu.

Jumanne, 12 Novemba

Saa nane na robo mchana. Jikoni. Bado robo saa niende bandani, na jirani leo hayupo.

Nimetundika ubao mweupe karibu na friji. Nimechora safu nne: siku, dawa, saa, nani. Dirk alisaini makosa yake asubuhi, kabla ya chai, bila kuambiwa: Jumamosi, matone, saa moja, Dirk. Akaweka na nukta.

Fenna ameuona ule utepe wa 212, akautaka. Nimeuosha, nimemfunga kifundoni.

— Mimi nina dawa?

— Leo huna.

— Basi uache mpaka Oma auone.

Chupa ya matone iko juu ya kabati, ndani ya kopo la chuma, na ufunguo ninao mimi. Daktari Perumal amepiga simu. Wiki hii hakuna kitu chochote, baada ya hapo tukitaka tunaweza kuanza upya, yeye hakatai. Tukitaka! Mimi najua ninachotaka. Nataka kulala, na nataka mwanangu aamke. Sioni kwa nini lazima nichague kimoja. Sijuti kwenda kwa daktari, na jirani akiniuliza nitamwambia hivyohivyo. Shontelle pia nitamwambia, hata kama ataniomba nichukue robota langu.

Oma amekuja.

Ameingia bila kubisha hodi, kama siku zote. Hakunisalimia. Fenna amemrukia, akamwonyesha mguu, Oma akainama akaugusa utepe. Kisha amesimama mbele ya ubao, akasoma vichwa vya safu zangu, akasoma mstari wa Dirk, akachukua kalamu.

Anaandika. 14 Oktoba, kijiko kimoja, 11:30 jioni, Hennie. 15 Oktoba, kijiko kimoja, 11:30 jioni, Hennie. Jicho bado limefunikwa, mistari inapanda mlima kuelekea friji. Haandiki kwa mkato. Kila siku anaandika jina lake zima.

Nimefungua nyuma humu kulinganisha. 22 Oktoba nimeandika USHINDI kwa herufi kubwa. Yeye anaandika kijiko kimoja, Hennie.

Dirk anapiga honi huko bandani. Ng'ombe wameanza kulia.

Amefika mwisho wa Oktoba na ubao unakaribia kujaa. Sasa anaandika kwa herufi ndogo. 1 Novemba. 2 Novemba. Ameruka siku za Burnie. 9 Novemba, kijiko kimoja, Hennie. Nilidhani amemaliza.

Hajamaliza. Chini kabisa ameandika 7, 8 na 9. Matone. Saa kumi na mbili na nusu. Mara tatu. Kumbe Dirk amemwambia hata saa! Mahali pa 'nani' ameacha wazi, mara tatu, pa jina langu.

Amegeuka. Ameninyooshea kalamu.

— Ng'ombe wanangoja, binti.

Nami niliapa mezani kwamba atakayempa dawa hatamshika tena. Fenna yuko katikati yetu, ameweka mguu wenye utepe juu ya kiti, anamtazama bibi yake, ananitazama mimi. Kalamu bado iko hewani. Najifanya bado naandika humu